Amri Moja, Masikio Mawili

Tazama mstari huu mfupi:

./hamisha &> ripoti.txt

Sheli ya Bash huusoma hivi: endesha programu iitwayo hamisha, ingoje imalize, na kila itakachosema, kiwe jibu au lalamiko, kiandike kwenye faili la ripoti. Mpe Dash, sheli nyingine, mstari huohuo, naye ataona amri mbili. Alama ya & humwambia aiachie programu ikimbie pembeni bila kungojwa. Alama ya > humwambia afungue faili la ripoti na kufuta chochote kilichokuwamo. Halalamiki, maana kwake hakuna kosa. Fundi anafungua ripoti, anaikuta tupu, anadhani kazi imekwenda salama.

Ni kama neno mbuzi. Kwa mchungaji ni mnyama. Kwa mpishi wa pwani ni kifaa cha kukunia nazi. Hakuna aliyekosea, ila ole wake aliyemwagiza mmoja akitaka cha mwingine.

Sheli ni programu inayosoma amri tunazoandika na kuzifikisha kwa mfumo endeshi. Amri zikipangwa ndani ya faili huitwa skripti. Mwaka 1979, toleo la 7 la Unix lilitoka Bell Labs likiwa na sheli ya Stephen Bourne, yenye jina fupi la sh. Uzao wake ukapanuka: David Korn akaunda ksh, na mwaka 1989 Brian Fox akatoa Bash kwa ajili ya mradi wa GNU. Mwaka huohuo Kenneth Almquist alitoa sheli nyepesi ambayo ndiyo mzazi wa Dash. Kila sheli ikawa na lahaja yake. Mwaka 1992 kiwango cha POSIX kikatoa lugha sanifu ya sheli na zana zake.

Kwa miaka mingi, katika mifumo mingi ya Linux, aliyeitika jina la sh alikuwa Bash. Oktoba 2006, Ubuntu 6.10 ikampa Dash jina hilo, kwa kuwa ni mwepesi na huharakisha kuwaka kwa kompyuta. Skripti zilizotangaza #!/bin/sh kwenye mstari wa kwanza, huku ndani zikizungumza Kibash, zikaanza kukwama. Dash hakuziharibu, aliziumbua.

Basi skripti hupimwaje? Kwanza isomwe kabla ya kuendeshwa. Zana ya ShellCheck hutazama mstari wa kwanza ili ijue umeahidi lahaja gani, kisha huonyesha palipovunjwa ahadi. Checkbashisms, inayotoka kwa watu wa Debian, husaka Kibash kilichojificha.

Pili, iendeshwe, tena kwa sheli zaidi ya moja. Bash ana hali ya POSIX, lakini hata humo huendelea kukubali mengi ya kwake, kama mabano pacha [[ ]]. Mkaguzi anayesamehe hawezi kukupima. Dash ni mkali zaidi, ingawa naye hukubali neno local, ambalo halimo katika kiwango. Ongeza ksh, na ash ya BusyBox inayotumika katika Alpine Linux. Kinachompita mmoja huenda kikanaswa na mwingine.

Tatu, zana ambazo skripti huziita zikaguliwe. Amri ya sed -i inayokubalika kwenye Linux hugoma kwenye macOS, ambako sed hudai kwanza kiambishi cha nakala ya akiba. Echo nayo hutofautiana kuhusu -n na mikwaju ya nyuma. Printf ni salama zaidi.

Si dhambi kuandika Kibash. Ukikihitaji, mtaje Bash kwenye mstari wa kwanza, asije akaitwa mwingine. Ukimtaja sh, mstari wetu uandikwe hivi:

./hamisha > ripoti.txt 2>&1

Ni herufi chache zaidi, lakini sasa Dash naye anangoja kazi iishe, na ripoti ikiwa tupu, ni kwa sababu programu haikusema neno.