Dini, Madaraka na Ardhi: Funzo la Uluguru

Wapo wanaodai kwamba ziko dini za amani kwa asili na dini za vita kwa asili. Dai hili linamfanya kada atafute chanzo cha ugomvi ndani ya misahafu ya waumini, badala ya kukitafuta katika uhusiano wa watu na mali na madaraka. Hatuna budi kulichunguza.

Tuanze na Ubudha, unaosifiwa mno kwa upole. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Mfalme Ashoka wa Bara Hindi, baada ya kuiteka Kalinga kwa damu nyingi, alichonga amri miambani akitaka kila dhehebu liheshimiwe. Dini hiyo ilienea hadi Ceylon na Uchina zaidi kwa watawa na wafanyabiashara kuliko kwa majeshi. Lakini mwaka 845 dola ya Uchina ilifunga nyumba za watawa zaidi ya 4,600, ikitwaa ardhi yao na shaba ya sanamu zao. Na mwaka 2017 jeshi la Myanmar, nchi yenye Wabudha wengi, liliwafukuza Waislamu wa Rohingya zaidi ya 700,000, huku baadhi ya watawa wakiwa wamekwisha kuchochea chuki. Yaani Wabudha wameonewa, na kwa jina lao wengine wameonewa. Aliyeamua kila mara ni mwenye dola, kwa manufaa yake.

Sasa tuitazame Morogoro. Katika karne ya 19 Kisabengo alijenga mji wa Simbamwene chini ya milima ya Uluguru, kwenye njia ya misafara ya pembe na watumwa. Uislamu ulipanda kutoka pwani kwa njia hiyo hiyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kukomboa watumwa, walifungua misheni Mhonda mwaka 1877 na Matombo mwaka 1897. Dini zote mbili zilifuatana na nguvu kutoka nje. Kwa nini basi milima haikuwa uwanja wa vita vya dini?

Jibu liko katika msingi wa maisha. Mluguru alipata shamba kwa ukoo wa mama yake, siyo kwa msikiti wala kanisa. Aliyebatizwa na aliyesilimu walibaki ndugu, wakilima ardhi ya ukoo mmoja. Msiba ulipotokea, watani kutoka koo nyingine walikuja kuzika. Mwaka 1955, Waluguru walipokataa kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, hata polisi wakaua mtu kwa risasi, suala lilikuwa ardhi na jasho lao.

Hata hivyo tusiipambe historia. Wamisionari walipiga vita matambiko. Aidha, ukoloni uliacha sehemu kubwa ya elimu mikononi mwa misheni, na watoto wengi wa Kiislamu wakabaki nyuma. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilikusudia kurekebisha hali hiyo kwa kuziweka shule za misheni chini ya umma, lakini manung'uniko hayakwisha. Dar es Salaam ilishuhudia mabucha ya nguruwe yakivunjwa mwaka 1993, vifo Mwembechai mwaka 1998, na makanisa yakichomwa Mbagala mwaka 2012. Mjini, jirani si lazima awe ndugu wa ukoo wala mtani. Kinachopaswa kuwaunganisha ni haki sawa ya raia, na Katiba, ibara ya 19, inasema kueneza dini ni jambo la hiari, nje ya shughuli za dola.

Kwa hiyo kada ana kazi tatu. Kwanza, kunapotokea mvutano wa dini, achunguze kwanza suala la viwanja, shule, ajira na vyeo. Pili, asiyaite manung'uniko uchochezi kabla ya kuyasikiliza, maana dhuluma isiyosikilizwa humpa mchochezi wafuasi. Tatu, asiugeuze mkutano wa kijiji au wa mtaa kuwa jukwaa la imani yake. Kada anayegawa viwanja au nafasi za kazi kwa kuangalia majina, lipi la Kiislamu na lipi la Kikristo, ameanza yeye mwenyewe kuandaa ugomvi ambao kesho ataitwa kuusuluhisha.