Je, Wajua? Nyani Mkubwa Asiyejulikana Katika Misitu ya Kongo

Je, wajua kwamba mmoja wa wanyama wakubwa wa mwisho kuingia katika vitabu vya sayansi alitokea upande wa Beni, mashariki mwa Kongo? Ni okapi. Mwaka 1890 msafiri Henry Morton Stanley aliandika kwamba Wambuti, wenyeji wa msitu wa Ituri, walimjua mnyama anayefanana na punda, nao wakimnasa kwa mashimo. Miaka kumi baadaye Harry Johnston, mwakilishi wa Uingereza nchini Uganda, aliwarudisha kwao Wambuti waliokuwa wametekwa ili wakaonyeshwe Paris. Aliwauliza habari za mnyama huyo, nao wakamweleza bila kusita. Katika kituo cha Mbeni, jirani na mto Semliki, akapata vipande vya ngozi yenye milia, ambavyo askari walivigeuza mikanda.

Vipande hivyo vilipofika London, wataalamu walidhani ni vya pundamilia wa aina mpya, wakampa jina la ukoo wa farasi. Kisha Karl Eriksson, afisa Mswidi wa kituo cha Mbeni, akatoa ngozi nzima na mafuvu mawili. Hapo ikadhihirika kwamba okapi ni ndugu wa twiga, na mwaka 1901 akapewa jina lake la sasa, *Okapia*. Wenyeji walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Waliokosea ni wataalamu waliotoa hukumu kwa vipande vya ngozi.

Kisa hicho kinatupa kipimo cha swali linaloulizwa hadi leo: katika misitu inayoanzia Mabalako na Mangina ikaingia Ituri, au kwingineko Kongo, je, yupo nyani mkubwa, wa jamii ya sokwe na gorila, ambaye sayansi haijamtambua?

Wanaosema yupo wana hoja zao. Gorila wa milimani hakujulikana na wanasayansi mpaka Oktoba 1902, afisa Mjerumani Robert von Beringe alipowapiga risasi wawili kwenye mlima Sabyinyo. Bonobo alitambuliwa mwaka 1929, pale mtaalamu Ernst Schwarz alipochunguza fuvu lililokuwa limehifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Huko Tanzania, kipunji alitangazwa mwaka 2005, ilhali wawindaji wa mlima Rungwe walikuwa wakimtaja kabla ya hapo. Hapa Kongo, lesula wa bonde la mto Lomami aliandikwa rasmi mwaka 2012, na wanakijiji walikuwa wakimla na hata kumfuga. Isitoshe, Charles Cordier, Mswisi aliyekuwa akikamata wanyama mashariki mwa Kongo, aliandika mwaka 1963 kuhusu nyayo na masimulizi ya viumbe wawili wanaotembea wima, kikomba na kakundakari.

Lakini hoja hizo zina pengo. Kipunji na lesula ni kima, si wanyama wa uzito wa gorila. Nao wote, kuanzia gorila wa milimani hadi lesula, walithibitishwa kwa miili, mafuvu, picha au vinasaba. Kikomba na kakundakari hawajaacha hata jino moja mikononi mwa mtafiti.

Kesi iliyokaribia zaidi kuthibitika ni ya Bili, kaskazini mwa Kongo. Mwaka 1996 Karl Ammann, mpiga picha Mswisi aliyeishi Kenya, alifuatilia habari za sokwe wakubwa ajabu karibu na mji wa Bondo, eneo hilohilo. Alipata fuvu lenye ukingo wa mfupa utosini, alama tuliyoizoea kwa gorila dume. Nyayo zilikuwa na urefu wa sentimita 28 hadi 34, na vitanda vya majani vilitandikwa chini, kama afanyavyo gorila. Mafuvu ya gorila yanayosemekana kutoka eneo hilo yalifikishwa Ubelgiji mwaka 1898. Magazeti yakavuma: gorila mpya, au chotara wa gorila na sokwe, au nyani mkubwa wa aina mpya!

Majibu yaliletwa na kinyesi na manyoya. Vinasaba vilionyesha kwamba wale ni sokwe wa mashariki, *Pan troglodytes schweinfurthii*, jamii ileile ya sokwe wa Gombe, Tanzania, na Kibale, Uganda. Mtafiti Cleve Hicks na wenzake, waliofanya kazi huko kwa miaka mingi kuanzia 2004, waligundua jambo la thamani kuliko jina jipya. Sokwe hao wana desturi zao: hulala chini mara kwa mara, huvua siafu kwa vijiti virefu, hupasua kobe na konokono kwa kuwagonga. Desturi hizo zimeenea katika eneo la kilomita za mraba 50,000 na zaidi.

Hoja nzito zaidi dhidi ya nyani asiyejulikana ni ya hesabu. Sokwe jike huzaa mara moja kila miaka mitano hivi, gorila kila miaka minne. Ukoo unaozaa polepole namna hiyo hauwezi kudumu kwa wanyama wawili watatu; unahitaji mamia. Na kila nyani mkubwa aliyeacha kunyonya hutandika kitanda kipya kila jioni. Wanyama 200 wangeacha vitanda 73,000 kwa mwaka, pamoja na kinyesi, manyoya na mizoga. Katika msitu unaopitiwa na wawindaji, wachimba dhahabu na wakulima wa kakao, alama hizo zisingefichika. Hata okapi, ambaye ni mwoga na hutembea peke yake, alipigwa picha na kamera za msituni katika Hifadhi ya Virunga mwaka 2008.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: aina mpya ya kima inaweza kupatikana tena Kongo, na kundi la sokwe au gorila lililosahaulika linaweza kuonekana. Nyani mkubwa wa aina isiyojulikana kabisa, hapana, mpaka aletwe mfupa au kinasaba.

Wakati tunamtafuta huyo wa kufikirika, tunampoteza tuliye naye. Gorila wa Grauer, anayepatikana mashariki mwa Kongo pekee, anakadiriwa kubaki 6,800 tu kwa hesabu ya 2021, na wale wa mlima Tshiaberimu, upande wa Lubero, ni wachache mno.

Ndugu msomaji wa Mabalako, ukikuta sokwe au gorila amekufa msituni, usimguse wala usikate nyama yake. Ebola iliyotangazwa hapo Agosti 2018 iliua zaidi ya watu 2,200, na ugonjwa huo huua sokwe na gorila pia. Kumbuka mahali, piga picha kwa mbali, kisha wape habari wahudumu wa afya na walinzi wa ICCN, taasisi inayosimamia hifadhi za taifa. Taarifa yako inaweza kuokoa kijiji, na ndiyo ushahidi ambao sayansi inauhitaji.