Betri Hutafutwa kwa Hesabu

Leo tutasoma habari za kazi ya mwanafizikia, yaani mtu achunguzaye asili ya vitu na nguvu zake.

Ninyi mkaao Mwanza na Ukerewe mnazijua taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wavuvi wengi hutumia taa za betri, na nyingine huchajiwa kwa jua. Betri ikiisha kabla ya alfajiri, dagaa hutawanyika, na safari ni hasara. Je, betri bora hutafutwaje?

Wengi hudhani hutafutwa kwa tanuri na nyundo tu. Sivyo. Siku hizi kazi huanza mara nyingi kwa hesabu.

Kila kitu, kama chuma, mchanga au chumvi, kimefanywa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Ndani ya atomu mna chembe ndogo zaidi, elektroni. Elektroni zikienda katika waya, huo ndio umeme. Mwanafizikia akijua elektroni zinavyokaa ndani ya kitu, aweza kukisia kama kitapitisha umeme, au kama kitafaa kwa betri.

Lakini elektroni ni nyingi, nazo husukumana. Kuzifuata moja moja ni kazi isiyokwisha. Mwaka 1964 na 1965, Walter Kohn na wenzake, Pierre Hohenberg na Lu Sham, walionyesha njia nyepesi. Mvuvi hamfuati dagaa mmoja mmoja. Hutazama wapi wamesongamana na wapi ni wachache. Njia ya Kohn ni hiyo: hutafuta wingi wa elektroni kila mahali. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1998.

Basi mwanafizikia huieleza kompyuta aina za atomu na mpangilio wake, nayo huhesabu. Vitu vingi hupembuliwa hivyo, kama mchele kwenye ungo. Vichache vilivyobaki ndivyo hutengenezwa na kujaribiwa. Hesabu yaweza kukosea, kwa hiyo jaribio ndilo huamua. Lakini fedha na miezi mingi imeokolewa.

Je, kazi hii ni ya nchi za mbali tu? La. Mwaka 2012 wanafizikia wa Afrika walikutana Eldoret, Kenya, kujifunza hesabu hizo. Mwaka 2018 chuo cha utafiti wa fizikia kwa Afrika Mashariki kilifunguliwa Kigali. Na huko Kabanga, wilaya ya Ngara, ardhini mna nikeli, madini yatumikayo katika betri nyingi. Kuuza madini ni jambo moja. Kujua yanavyofanya kazi ni jambo jingine.

Njia ya mwanafizikia ni ndefu: shule, digrii ya kwanza, ya pili, kisha udaktari. Baadaye hufundisha, huchunguza, na huandika matokeo ili wenzake wayahakiki. Lakini mwanzo wake ni kujumlisha na kuzidisha, kama mfanyavyo ninyi darasani. Mtoto wako akipenda hesabu, wa kike au wa kiume, usimtoe shuleni akaanike dagaa.

Maswali ya kuzungumza darasani
1. Kwa nini hesabu hutangulia jaribio?
2. Kwa nini jaribio bado lahitajiwa?
3. Katika kijiji chenu, ni nini huwazuia watoto kuendelea na masomo? Mtafanya nini?

Kwaherini mpaka somo lijalo.