Je, Wajua? Ihanda hadi Dar, Kilomita Si Saa

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili pale Ihanda, Karagwe, anaweza kukadiria umbali wa ndege kati ya Bukoba na Dar es Salaam kwa ramani, kalamu na karatasi tu? Ramani itamwonyesha kuwa Dar iko nyuzi 5.5 hivi kusini ya Bukoba na nyuzi 7.4 mashariki yake. Karibu na ikweta, kila nyuzi ni kama kilomita 111, upande wowote uendao. Kanuni ya Pythagoras inamaliza kazi: kilomita 1,025 hivi.

Hesabu hiyo akiipeleka Asia itamwangusha. Kadiri unavyoiacha ikweta, mistari ya longitudo husogeleana. Kati ya Delhi na Tokyo, Pythagoras atampa kilomita 7,000, ilhali njia fupi ya ndege haifiki 6,000. Njia hiyo, ukiichora kwenye ramani ya ukutani, huonekana imepinda kuelekea kaskazini.

Saa nazo zina mambo yake. Delhi kwenda Tokyo ni chini ya saa 8. Kurudi huzidi saa 9. Juu kule, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Tokyo husukumwa, anayerudi hukinzana nao. Anga letu la ikweta halina mkondo wa nguvu hizo, hivyo kwenda na kurudi hakupishani sana.

Uwanja wa Bukoba, kando ya Ziwa Victoria, ni mfupi, ndiyo maana huhudumiwa na ndege za propela zenye mwendo wa kilomita 500 hadi 600 kwa saa. Safari ya moja kwa moja ni kama saa 2; ikipitia Mwanza, huongezeka. Lakini msafiri wa Ihanda ana saa nyingine zisizoandikwa kwenye tiketi: Hiace inayongoja ijae, lami hadi Kyaka, kuwahi kaunta Bukoba, kisha foleni za Dar. Nusu siku imekwisha.

Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300, na basi humfikisha kesho yake. Enzi za safari za miguu, wapelelezi Waingereza Speke na Grant waliondoka Bagamoyo Oktoba 1860, wakafika kwa Mukama Rumanyika wa Karagwe Novemba 1861. Hawakuwa wakitembea muda wote huo. Siku nyingi ziliishia kambini, wakitafuta wapagazi na kujadiliana hongo, yaani ushuru wa njia, na watemi.

Tangu enzi hizo, safari ya Karagwe huliwa na vituo kuliko mwendo. Anayetaka kuifupisha leo atapata nafuu zaidi kwa gari la Bukoba linaloondoka kwa wakati kuliko kwa ndege yenye kasi zaidi.