Ali na Tyson: nani angeshinda?

Watu wakianza kuongea mambo ya ngumi, swali ni lile lile: Ali wa 1966 na Tyson wa 1988, nani angelala chini? Wengi wanamuchagua Tyson, juu alimumaliza Michael Spinks kwa sekunde 91 tu.

Sisi tunasema: polepole. Hesabu ya namna hiyo ilishaanguka hapa kwetu Kinshasa. Foreman alikuwa amewapiga Frazier na Norton, kila mumoja kwa raundi 2. Na hao wawili, kila mumoja alikuwa ameshamushinda Ali mara moja. Kwa hesabu, Ali amekwisha. Lakini tarehe 30 Oktoba 1974, raundi ya 8, Foreman njo alianguka. Tena yule Ali alikuwa na miaka 32. Miaka yake mizuri zaidi alifungiwa ulingo, juu ya kukataa vita ya Vietnam.

Kwetu sisi, Tyson ni hatari raundi 4 za kwanza. Buster Douglas alivumilia, akamwangusha raundi ya 10 kule Tokyo, 1990. Ali njo mwalimu wa kuvumilia. Tunamupa Ali. Na wewe, musomaji?