"Kuruka" na "Kupiga Hatua": Tatizo la Kutafsiri Nahau ya Maendeleo ya Ghafla

Miongoni mwa nahau za Kiingereza zinazowatatiza wafasiri ni "quantum leap", itumiwayo kueleza maendeleo makubwa yatokeayo kwa ghafla. Asili yake ni fizikia. Mwaka 1913 Niels Bohr alieleza kwamba elektroni katika atomu hutoka kiwango kimoja cha nishati na kuingia kingine bila ya kupitia viwango vya kati. Mruko huo ni mdogo mno. Sifa yake ni kukosa daraja za katikati, wala si ukubwa. Lugha ya kila siku iliazima ughafla huo, ikauongezea ukubwa.

Mfasiri afuataye neno kwa neno huandika "kuruka". Hapo ndipo penye tatizo. Katika Kiswahili, kitenzi hiki kikitumika kwa jambo lenye mfuatano, huashiria kuacha kitu: msomaji huruka ukurasa, mwanafunzi huruka darasa.

Na uchukuliwe mfano wa Cheptais, penye miteremko ya Mlima Elgon katika Bungoma. Wasabaoti wa huko husema lugha ya kundi la Kikalenjini, na jirani zao Wabukusu husema lugha ya Kibantu, Kiswahili huwaunganisha. Ikitamkwa barazani kwamba "elimu imeruka hatua", msikilizaji ana haki ya kuuliza ni hatua gani iliyoachwa, na ni watoto wa nani walioachwa pamoja nayo. Sifa imegeuka shutuma.

"Kupiga hatua kubwa" hakuna kasoro hiyo, kwani mwenye kupiga hatua hukanyaga ardhi. Hata hivyo, msemo huu hautaji ughafla, na "kuchanja mbuga" hutaja mwendo wa kasi tu. Yafaa basi kusema "kupiga hatua kubwa kwa ghafla", na "kuruka" kuachiwe elektroni, ambako maana yake ya kuacha vya katikati inalingana barabara na dhana ya kisayansi.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa Kenya mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Mtoto ajifunzaye Kiswahili kama lugha ya pili hupokea alichoandikiwa kitabuni. Kosa la mfasiri huwa ndiyo lugha yake.