PICHA ISIYO NA JINA NI BUBU

Ndugu msomaji, je, nyumbani kwako kuna picha ya zamani? Ichukue uitazame. Je, unawajua watu wote waliomo? Sasa igeuze. Nyuma pameandikwa nini? Huenda hapakuandikwa kitu. Basi siku mzee anayewajua watu hao atakapofariki, picha hiyo itakuwa bubu.

Soma habari za mtu mmoja aliyeijua siri hii.

Mtoto wa wafugaji

Malick Sidibé alizaliwa katika miaka ya 1930. Kijiji chake ni Soloba, katika nchi ya Mali, Afrika Magharibi. Wazazi wake walikuwa wafugaji. Yeye mwenyewe alichunga mifugo. Shuleni alionekana kuwa hodari wa kuchora. Kwa hiyo alipelekwa mjini Bamako kusomea ufundi. Baadaye alijifunza kupiga picha. Akafungua studio yake katika mtaa wa Bagadadji.

Maisha yabadilika

Mali ilipata uhuru mwaka 1960. Wakati huo vijana wa Bamako walikuwa wakibadilika. Walishona nguo za mitindo mipya. Walipiga santuri. Jumamosi usiku walicheza dansi, wavulana pamoja na wasichana. Wazee wengi hawakupenda.

Sidibé alichukua kamera yake, akapanda baiskeli. Kwa usiku mmoja alikwenda kwenye sherehe kadhaa. Kisha alirudi studio kusafisha picha. Alizibandika picha ndogo kwenye karatasi. Juu yake aliandika jina la kikundi na tarehe. Vijana walikuja kujitazama na kuchagua.

Studio yake ilipokea kila mtu. Alikuja mwenye pikipiki mpya. Alikuja hata mtu na kondoo wake. Yeye aliwapiga picha wote kwa heshima.

Leo vijana wale ni wazee. Dansi zao zimepita. Lakini wajukuu wao wanaweza kuona jinsi babu na bibi zao walivyoishi. Mwaka 2007 Sidibé alipewa tuzo kubwa ya sanaa mjini Venice, Italia. Kabla yake hakuna mpiga picha aliyepata tuzo hiyo. Alifariki mwaka 2016. Picha zake bado zinasema.

Na sisi je?

Kijijini kwetu pia mambo yanabadilika. Mashine za kusaga zimechukua nafasi ya kinu na mchi. Bati limechukua nafasi ya nyasi. Ngoma fulani wanaijua wazee peke yao. Leo watu wengi wana simu ya kupigia picha. Lakini tunapiga picha za harusi tu. Nani anampiga picha bibi akisuka ukili, au fundi akifua jembe? Kisha simu inapotea, na picha zote zinapotea nayo.

Basi fanya hivi:

1. Omba ruhusa kwanza. Mtu akikataa, mwache.
2. Picha iliyo nzuri isafishwe kwenye karatasi.
3. Nyuma yake andika majina, mahali na mwaka. Tumia penseli laini. Usikandamize.
4. Iweke mbali na jua, moshi na unyevu.

Ndugu msomaji, zamani hukujua kuandika. Sasa unajua. Jioni ya leo kaa na mzee wako, mtazame picha ya zamani pamoja. Yeye ataje majina. Wewe andika.